Katekista Wetu na Jumatatu ya Pasaka

Kwa miaka yote niliyomjua, Katekista wetu alikuja kanisani na gambuti za mpira. Si kwamba hakuwa na viatu. Alikuwa navyo, vyeusi vya kamba, na mkewe alivipiga rangi kila Jumamosi akaviweka mlangoni ili avione. Asubuhi mwenyewe aliviruka kama anayeruka mbwa aliyelala, akavaa gambuti zake na kuondoka. Ukimuuliza alikwambia udongo wa Kitengela hauna adabu, na siku hizo ilikuwa kweli. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi uling'ang'ania miguu mpaka mtu akarefuka kabla hajafika barabara ya Namanga. Lakini hata kiangazi alivaa gambuti. Mimi nadhani ni kwa sababu ndizo alizofanyia kazi siku sita, na hakuona haja ya kumwendea Mungu akijifanya mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa kuchuna ngozi kichinjioni. Alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, vidole vinene, na ile harufu ya mafuta ya ng'ombe haikumtoka hata aoge vipi. Wenye pua nyepesi walikaa viti vya nyuma. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya kabisa, na bado kila Jumapili yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, juu mno, halafu akatuacha huko juu tukihangaika peke yetu.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, kigango kidogo kisicho na padre wake. Padre alikuja mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote Katekista ndiye aliyetusomea Neno, aliyefundisha watoto wa ubatizo, na aliyezika. Mimi nilikuwa karani wa kigango. Nilitunza daftari la ubatizo, zamu za kufagia, na karatasi zote za kusomwa mbele ya watu. Siku za kazi nilishona sare za shule kibandani kwangu, na siku za soko nilizipeleka Bisil kuziuza. Yeye hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Karani hata tulipokutana kwenye foleni ya maji.

Mafundisho yake hayakuwa mengi. Alikuwa na Pasaka, basi. Krismasi aliipitia haraka kama mtu anayepitia salamu ili afike kwenye habari yenyewe. Lakini wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi na mapema, hao aliwapenda kama dada zake. Alirudia kila mara kwamba walijua mlangoni kuna jiwe kubwa, na hawakujua ni nani angewaondolea, na bado walitoka nyumbani. Vijana waliokuwa wakitafuta vibarua kwenye viwanda vya Athi River walikuja kwake wakilalamika kwamba wanarudishwa getini kila siku.

"Leo umeenda?" alikuwa akimuuliza mmoja.

"Niende kufanya nini, Katekista? Watanirudisha tu."

"Wewe toka kwa nyumba kwanza. Hiyo jiwe utaikuta huko mbele, si kwa kitanda."

Wengine walipata kazi, wengine hawakupata. Yeye hakuahidi kazi. Alichotaka ni mtu asikae ndani na huzuni yake, amejifungia. Alikerwa sana na Wakristo waliobaki na nyuso za Kwaresima mpaka mwezi wa sita. "Bwana amefufuka," alimwambia mzee mmoja wetu aliyezoea kununa, "na wewe bado uko na majivu kwa uso. Nani alikuambia uendelee?"

Ila jambo lililomfanya ajulikane mpaka kwa watu wasiosali lilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Alisema Jumapili ni ya kuimba, ya kufanya ni Jumatatu. Basi asubuhi hiyo, wengine wakiwa bado wamelala na shibe ya pilau, alitukusanya mbele ya kanisa akatuuliza mmoja mmoja ni nani hatuongei naye. Kila mtu ana wake. Halafu alitutuma kwa mtu huyo, na masharti yake yalikuwa magumu, maana hukuruhusiwa kubeba zawadi. Ulitakiwa kwenda kuomba kitu kidogo, chumvi au kiberiti au makaa ya kuwashia jiko.

"Ukipeleka sukari, unaenda kama mkubwa," alituambia. "Ni kama unamwambia, ona vile mimi ni mzuri. Hapana. Enda uombe. Akikupatia chumvi yake, ashakurudisha kwa boma."

Mwaka wa kwanza nilimwambia mimi sina adui.

"Na yule mama wa mbuzi?"

Jirani yangu alikuwa mama Mmaasai muuza maziwa, na mbuzi wake walikuwa wameingia kibandani wakatafuna kola za mashati manane ya shule. Tulikuwa na miezi minne bila kusalimiana, na mimi nilikuwa nimeapa ningefika mwaka. Nilikwenda na kikombe kitupu, nimenuna, nikijiona mjinga.

"Takwenya," nilisema mlangoni.

"Iko," akaitikia, maana salamu ile ya Kimaasai haiachwi hewani hata kwa adui.

"Naomba chumvi."

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. "Kwako imeisha?"

"Imeisha," nikadanganya. Nilikuwa na pakiti nzima.

Alikijaza mpaka ukingoni. Nilipogeuka kuondoka, akaniita. "Mama Kyalo. Hiyo mbuzi iliharisha siku tatu. Ilikuwa inatoa uzi."

Tulicheka mpaka tukashika mlango. Tangu siku hiyo maziwa yangu yametoka kwake, na mashati yote ya wanawe yametoka kwangu. Sikuwahi kufundishwa maana ya kufufuka vizuri kuliko hivyo, na nimewasikiliza maaskofu.

Msidhani alikuwa malaika. Wiki iliyofuata Pasaka alikuwa na desturi nyingine, aliyoiita wiki ya kufufua vitu. Alipita nyumba kwa nyumba na mfuko wa bisibisi akitafuta kilichotupwa uvunguni, jiko la mafuta ya taa, redio, kiti cha mguu mmoja. Nusu alivitengeneza. Nusu nyingine ni heri angeviacha. Cherehani yangu ilikuwa inaumwa tu, yeye ndiye aliyeiua. Alikaa nayo mchana mzima, akabaki na vyuma vitatu mkononi visivyo na pa kurudi, akaniambia kwa utulivu kwamba hivyo vilikuwa vya ziada. Nilimkasirikia mwezi mzima, na hakuwahi kukiri kosa.

Hapo ndipo alipokuwa mgumu. Alijua kuwatuma wengine. Mwenyewe kusema nimekosa, ulimi ulikuwa mzito.

Mazishini alilia kuliko wafiwa. Kijana mmoja wa kwaya, mjuaji, alimuuliza siku moja tukitoka makaburini, "Katekista, kama unaamini watafufuka, unalia nini?"

"Yesu alijua anaenda kumtoa Lazaro," alijibu akijifuta kwa mkono wa shati. "Na alilia kwanza. Wewe uko na haraka ya wapi?"

Jibu lile lilinipendeza, na linanipendeza mpaka leo. Lakini kuna mtu mmoja aliyemzika bila kulia.

Mkewe tulimwita Mama Mutheu, na Katekista mwenyewe zamani aliitwa Baba Mutheu, kwa sababu Mutheu ndiye kifungua mimba wao. Binti huyo alikuwa na sauti ambayo baba yake hakuwa nayo. Ile Aleluya ya Pasaka alipoianza yeye, hata waliokuwa nje wakinywa maji waliingia. Kichinjioni alikopiga kazi baba yake kulikuwa na kijana Msomali aliyeleta mbuzi kutoka Bisil, mwenyeji wa upande wa Garissa, mpole, asiyedanganya uzito. Katekista alimpenda. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkaribisha nyumbani chai, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema angetamani nusu ya Wakristo wake wawe waaminifu kama yule Mwislamu.

Miezi haikupita mingi Mutheu akaondoka naye. Walioana Bisil kwa dini ya mume, na Mutheu akaifuata dini hiyo. Walituma wazee watatu waje kuongea. Katekista hakuwafungulia. Alisimama ndani ya geti akasema, "Msichana huyo amekufa. Rudini mkamwambie hivyo."

Watu husema maneno ya namna hiyo wakiwa na hasira, halafu hasira inapoa. Ubaya ni kwamba Katekista alikuwa mtu wa kufanya alichosema. Sisi Wakatoliki mwezi wa Novemba tunawaombea marehemu. Kila nyumba huandika majina ya wafu wake, karani huyakusanya katika orodha moja, na orodha husomwa mbele ya altare. Novemba ya mwaka ule Katekista alinipa karatasi yake. Kulikuwa na baba yake, mama yake, na kaka yake aliyezikwa Makueni. Chini kabisa aliandika Mutheu.

"Mutheu gani?" nilimuuliza.

"Andika tu, Karani."

Niliandika. Hiyo ni dhambi yangu na naisema bila kuizungusha. Nilijua yuko hai na niliandika, kwa sababu nilimwogopa, na kwa sababu karani mzuri ananakili alichopewa. Katekista akasoma jina lile kwa sauti, katikati ya wafu, nasi tukaitikia tukimwombea raha ya milele. Tulifanya hivyo miaka saba.

Miaka hiyo yote mimi nilikuwa nakunywa chai kwa Mutheu. Alifungua hoteli ndogo karibu na soko la mifugo Bisil, mabenchi mawili na birika kubwa, na kila siku ya soko nilianzia kwake. Aliniuliza swali lile lile akinimiminia. "Baba aje?" Nikajibu, "Ako tu." Hakujua lolote juu ya orodha, wala sikuwa na mdomo wa kumwambia. Alinipa leso za kumpelekea mama yake, nikazikunja ndani ya sare ambazo hazikununuliwa, na Mama Mutheu akazipokea jikoni.

Nilimuuliza mama huyo mara moja kama nilitoe jina. Alikataa, na jibu lake lilinichoma.

"Wacha likae. Ndiyo siku moja kwa mwaka nasikia akitaja mtoto wangu."

Ningeendelea hivyo mpaka leo, kama si siku niliyofika Bisil nikakuta hoteli imefungwa. Wenye maduka ya jirani waliniambia Mutheu amepelekwa hospitali Kajiado, uzazi umekuwa mgumu, damu haikomi. Nilikaa kwenye benchi lake nje, sare zimo mfukoni, siuzi chochote. Nilijiambia kwamba akifa leo, baba yake hatakuwa na chochote cha kubadilisha kwenye karatasi yake. Kila kitu kilikuwa tayari kimeandikwa, tena kwa mkono wangu. Alipona, Mungu ni mwema, yeye na mtoto. Lakini mimi sikupona na wazo lile.

Novemba ikaja. Katekista akanipa karatasi yenye majina manne, nikanakili matatu.

Jumapili ile alisoma vizuri, taratibu kama kawaida yake, mpaka akafika kwa nyumba yake. Baba. Mama. Kaka. Halafu mdomo ukafunguka kwa jina lililofuata na halikuwepo. Aliiangalia karatasi. Aliigeuza nyuma. Mama Mutheu aliinamisha kichwa. Kisha Katekista akaikunja karatasi na kuendelea na ibada.

Nje alinifuata mpaka kwenye tangi la maji.

"Karani, umesahau mmoja."

"Sijasahau, Katekista."

"Nilikupatia majina manne."

"Watatu wamekufa. Wa nne nilimwona wiki jana, ako na mtoto kwa mgongo. Nitamwandika aje?"

"Hiyo si kazi yako."

"Ni mkono wangu unaandika. Mwaka huu umekataa." Nilikuwa nimeanza, nikaendelea. "Alitaka kufa mwezi wa nane, Katekista. Kufa kwenyewe. Angekufa, ungenipatia karatasi gani?"

Hakuwa amejua. Niliona hilo usoni mwake, na nilimhurumia, nami nilikuwa bado na hasira. Aliondoka bila kuaga.

Hakuniongelesha tena. Krismasi ikapita, Kwaresima ikaanza, na karatasi za kusomwa akawa ananitumia kwa mkono wa mkewe. Yule aliyekuwa akikusanya ugomvi wa kijiji kizima sasa alikuwa na wake, na kila mtu aliujua. Jumatatu ya Pasaka alitukusanya kama kawaida. Aliuliza mmoja mmoja, akatuma mmoja mmoja. Aliponifikia aliniruka akaenda kwa aliyekuwa nyuma yangu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza swali lake mwenyewe. Nilirudi kibandani nikalia, kisha nikaanza kupiga pasi.

Saa sita mchana kivuli kilisimama mlangoni.

"Naomba sindano na uzi," alisema. "Shati imetoka kifungo."

Nilimpa. Nilimvutia kiti. Alikaa akashona kile kifungo mwenyewe, vibaya, akijidunga, na sikumsaidia kwa sababu nilielewa hakuwa amekuja kwa sababu ya kifungo. Alipomaliza alikata uzi kwa meno na hakuinua macho.

"Soko ya Bisil ni siku gani?"

Wiki ile ile tulikwenda. Tulishuka saa nne, jua limeshakuwa kali, na badala ya kunifuata hotelini akaingia kati ya mbuzi. Alipapasa migongo, akabishana na wafugaji juu ya uzito, akauliza bei za wanyama ambao hakuwa na nia ya kununua. Nilimwacha. Nilijua ni woga. Mara ya tatu aliponitazama nikamwambia, "Ni hapa tu, Katekista," naye akaniuliza, "Atanifukuza?" Nilimwambia sijui, kwa sababu kweli sikujua.

Mutheu alikuwa anamiminia wanaume wawili chai. Aliinua macho akaona baba yake kwenye mwanga wa mlango, akaiweka birika chini polepole, kwa mikono miwili. Alisema tu, "Baba."

Nilitegemea angeanza na Maandiko. Hakuanza nayo.

"Mutheu, nilikuandika kwa orodha ya wafu," alisema, amesimama pale pale. "Miaka saba. Nilisoma jina yako kanisani mbele ya watu. Huyu Karani ndiye alikataa kukuandika tena, mimi singeacha. Nimekuja kukuambia nilikosa."

Wale wanaume waliacha vikombe wakatoka nje, ni watu wa heshima. Mimi nilitamani kuwafuata. Mutheu alishika ukingo wa meza, na niliona habari ile ikimwingia mwaka baada ya mwaka, pamoja na kila kikombe alichonimiminia huku nikinyamaza. Aliniangalia. Niliinamisha uso.

"Wafu," alisema. "Baba, mimi?"

"Wewe."

Pazia la nyuma likafunguka. Alitoka bintiye mkubwa, wa miaka kama mitano, amejitanda buibui iliyomzidi. Alitazama mzee, akatazama mama yake analia, akajibanza kwenye sketi yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni babu yako," Mutheu akasema. "Ndiye baba yangu."

Mtoto alifikiri. "Si ulisema baba yako alikufa?"

Mutheu alijifunika mdomo kwa leso. Hilo nilikuwa silijui hata mimi. Miaka yote aliyoniuliza habari za baba yake, kwa watoto wake naye alikuwa amemzika. Katekista alifumba macho, na nilidhani sasa atageuka aondoke, na nani angemlaumu. Badala yake alichuchumaa, magoti yakilia, mpaka kichwa chake kikubwa kikawa sawa na cha mtoto. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta.

"Mama yako hajadanganya," alimwambia. "Nilikuwa nimekufa. Lakini nimekuja."

Mtoto hakuridhika na maneno. Aliachia sketi ya mama yake, akasogea hatua moja, akamgusa mgongo wa mkono kwa kidole kimoja na kukirudisha haraka. Kisha akaurudisha mkono wote, akaulaza juu ya vile vidole vinene, akautuliza hapo.

"Mama," aliita bila kugeuka, "mkono yake iko na joto."